Presha ndogo ya oili baada ya injini kuchemsha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gari lilichemsha, nikaongeza maji, sasa taa nyekundu ya oili inawaka. Naweza kulisogeza taratibu hadi gereji?

Hapana. Zima injini hapo hapo ulipo na tafuta gari la kuvuta. Taa nyekundu yenye alama ya birika la oili haikuambii kwamba oili imepungua. Inakuambia kwamba presha imeshuka kiasi kwamba krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) inakaribia kusugua beringi zake chuma kwa chuma. Kilomita mbili za "taratibu" zinatosha kugeuza kazi ya kubadilisha gasketi kuwa kazi ya kushusha injini nzima. Wala usiiwashe tena kila baada ya dakika tano kuona kama taa imezimika, maana kila unapowasha unaendelea kuila beringi.

Taa ya njano ni habari nyingine. Kwa magari mengi hiyo inahusu kiwango cha oili, na hapo unaweza kuongeza kwanza, kisha ukaangalia inasemaje.

Kuchemsha kwa maji kunahusianaje na presha ya oili? Si mifumo miwili tofauti?

Njia ni mbili, lakini zinapita kwenye bloki moja (mwili wa injini) na hedi moja (kichwa kilichofungwa juu yake). Oili ya 5W-30, ikiwa nyuzi 100 za Selsiasi, ina unene kati ya 9.3 na 12.5 kwa kipimo cha milimita za mraba kwa sekunde. Ikipanda hadi nyuzi 130 au 140, unene huo hubaki takriban nusu. Oili nyepesi namna hiyo hupenya haraka kwenye nafasi za beringi, na pampu haiwezi kuijaza njia kwa kasi inayotakiwa, hasa injini ikizunguka polepole.

Kama mambo yangeishia hapo, presha ingerudi injini ikipoa. Tatizo ni kile kilichotokea wakati oili ilikuwa nyepesi. Utando wa oili kati ya krenki na beringi hukatika, beringi husagika, na nafasi hupanuka. Hapo ndipo penye siri ya ugonjwa wote: oili inayovuja kwenye nafasi nyembamba huongezeka kwa mchemraba wa upana wake. Beringi iliyokuwa na nafasi ya milimita 0.04 ikifika 0.08, haivujishi mara mbili, inavujisha mara nane. Ndiyo maana injini inaweza kutoka kwenye presha nzuri hadi taa kuwaka kwa sababu ya tofauti usiyoweza kuiona kwa macho.

Joto pia hupinda hedi ya aluminiamu, na kamshafti (mhimili unaofungua valvu) inayozunguka ndani yake hukwaruza vikao vyake. Raba za ndani hukakamaa. Gasketi ya hedi ikiungua, maji huingia kwenye oili. Kila moja ya hizi hushusha presha kwa njia yake, na ndiyo sababu ya kupima kabla ya kununua kifaa chochote.

Presha sahihi ni kiasi gani?

Namba ya kufuata ni ile ya kitabu cha injini yako. Kama mwongozo wa jumla, injini nyingi za petroli zikiwa na joto la kazi hutoa bari 0.7 hadi 1.5 bila kukanyaga mafuta, na bari 2 hadi 4 kwenye mizunguko 2,000 hadi 3,000 kwa dakika. Bari 1 ni sawa na psi 14.5. Mafundi wengi hukumbuka kanuni ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000; inasaidia, lakini isikufanye uhukumu injini ambayo mtengenezaji wake amesema vingine. Injini za kisasa zenye pampu inayobadili kiasi cha oili kwa amri ya kompyuta huweza kuonyesha presha ya chini kwa makusudi kwenye mizunguko midogo.

Taa imezimika yenyewe. Basi presha iko sawa?

Hili ndilo kosa linaloua injini nyingi zilizokuwa bado zinaokoleka. Swichi ya kawaida ya oili huzima taa presha ikivuka bari 0.2 hadi 0.5 tu. Injini inayotakiwa kuwa na bari 3 kwenye barabara kuu inaweza kuwa na bari 0.8, taa imezimika na dereva hana habari. Geji ya dashibodi nayo usiitegemee: kwenye magari kadhaa mshale hutulia katikati ilimradi swichi imeona presha yoyote.

Nianzie wapi kabla ya kufungua kitu?

Anzia kwenye dipstiki (kijiti cha kupimia oili), na usiifanye haraka. Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa angalau dakika kumi. Chomoa, futa, rudisha, chomoa tena. Sasa tazama mambo manne.

Kiwango: kama kiko chini ya alama ya chini, jaza oili inayostahili hadi alama ya juu na utafute ilikopotelea. Kama kimepanda kupita alama ya juu na hukuongeza wewe, kuna kimiminika kingine ndani. Rangi: oili nyeusi ni jambo la kawaida, oili ya rangi ya kahawa yenye maziwa si kawaida. Harufu: petroli hunuka wazi, na oili iliyoungua ina harufu kali ya kuchoma pua. Mguso: sugua tone kati ya vidole viwili. Ikiwa inateleza kama maji, imechanganyika na mafuta au imechoka. Ukihisi chengachenga, hiyo ni metali.

Ukiwa na shaka ya maji, dondosha matone mawili ya oili kwenye kipande cha chuma kilichopashwa moto kwenye jiko la umeme. Oili safi hutoa moshi kimya kimya. Yenye maji hutatarika na kurusha vitone, kwa hiyo vaa miwani ya kukinga macho.

Kuna utando wa maziwa chini ya kifuniko cha oili. Gasketi ya hedi imekwisha?

Si lazima. Gari linalotembea safari fupi fupi hukusanya unyevu chini ya kifuniko, kwa sababu hapo ndipo penye baridi. Ikiwa dipstiki ni safi na kulanti (maji ya rejeta yenye dawa) haipungui, futa na uendelee kuchunguza. Ikiwa dipstiki nayo ina maziwa na kiwango kimepanda, basi kulanti imeingia.

Kuthibitisha, tumia pampu ya kupimia rejeta injini ikiwa baridi. Ipe presha iliyoandikwa kwenye kifuniko cha rejeta, mara nyingi karibu bari 1, kisha iache dakika 20. Ikishuka na hakuna tone nje, maji yanaenda ndani. Chomoa plagi zote, zungusha injini kwa starta, na uone ni silinda gani inayotema maji. Kuna pia dawa ya buluu ya kupimia gesi juu ya rejeta: ikigeuka njano, gesi ya moshi inapenya kwenye maji.

Njia nyingine isiyo na gharama: liache gari usiku kucha bila kuwashwa, kisha legeza boliti ya kumwagia oili polepole sana. Kulanti ni nzito kuliko oili, hivyo hukaa chini. Kama ipo kwa wingi, itatangulia kutoka kabla ya oili.

Usisahau kipoza oili, kwa magari yaliyonacho. Injini ikiwaka, presha ya oili kwa kawaida ni kubwa kuliko ya maji, kwa hiyo kipoza kilichopasuka hutia oili kwenye kulanti. Ukizima, rejeta bado ina presha na oili haina, na mwendo hugeuka. Kwa hiyo oili kwenye chupa ya akiba ya kulanti pamoja na maziwa kwenye dipstiki hayamaanishi moja kwa moja kwamba hedi imepasuka. Pima kipoza kwanza. Ni kazi ndogo zaidi.

Injini yenye kulanti ndani ya oili isiwashwe hata kwa majaribio. Glaikoli iliyo ndani ya kulanti huifanya oili kuwa uji unaoziba njia na kuharibu uso wa beringi.

Oili inanuka petroli. Hilo nalo linatokana na kuchemsha?

Mara nyingine. Injini iliyochemsha ikaanza kumisi hupeleka petroli isiyoungua chini kupitia ringi za pistoni, na sensa ya joto iliyoharibika huweza kuidanganya kompyuta kwamba injini bado ni baridi, nayo ikamwaga mafuta mengi. Rekebisha hilo, badilisha oili na filta, kisha upime presha upya. Hapa kuna bahati: ukiwahi, huenda beringi bado ni nzima.

Nitajuaje kama ni swichi tu imekufa?

Weka swichi ya gari kwenye "on" bila kuwasha injini. Taa inatakiwa iwake. Chomoa waya wa swichi ya oili: kwa mfumo wa zamani wa waya mmoja, taa inatakiwa izimike. Isipozimika, waya umegusa bodi mahali fulani, na baada ya gari kuchemsha ni kawaida kukuta ganda la waya limeyeyuka karibu na bomba la moshi. Sensa za waya tatu usiziguse namna hii. Hizo hupimwa kwa mashine.

Swichi inayovuja oili kwenye kichwa chake cha plastiki ibadilishwe bila mjadala. Lakini kuweka swichi mpya na taa kuzimika si uthibitisho, kwa sababu tulizokwisha kueleza. Uthibitisho ni geji.

Kupima kwa geji ya mkono kunafanywaje?

1. Hakikisha oili ni ya daraja sahihi, iko kwenye alama ya juu, na filta ni mpya. Kupima kwa oili iliyoungua ni kupoteza muda. Ikiwa oili ina kulanti, usifike hatua hii kabla ya kurekebisha.
2. Fungua swichi ya oili, kwa kawaida karibu na filta au kwenye hedi. Tandaza kitambaa chini.
3. Funga geji yenye uwezo wa bari 7 hadi 10 kwa adapta yenye nyuzi sawa. Injini nyingi za Kijapani zina nyuzi za mchongoko za 1/8, na nyingi za Ulaya zina M10x1. Zinafanana kwa macho lakini haziingiliani. Ukilazimisha unaharibu bloki.
4. Pitisha mpira wa geji mbali na feni, mikanda na bomba la moshi.
5. Washa. Presha isipopanda ndani ya sekunde tano hadi kumi, zima.
6. Andika namba ya injini baridi. Iache ipate joto hadi feni iwake na kuzima mara moja. Andika tena: bila kukanyaga, kwenye mizunguko 2,000, kisha 3,000. Shikilia 3,000 kwa dakika moja nzima.

Huku ukipima, mtu mwingine aangalie geji ya joto. Chanzo cha kuchemsha kikiwa bado kipo, utachemsha injini mara ya pili.

Namba hizo nizisomeje?

*Nzuri ikiwa baridi, ndogo ikiwa moto bila kukanyaga, inapanda vizuri ukikanyaga.* Nafasi za beringi zimepanuka, au oili ni nyepesi kuliko inavyotakiwa. Kama oili ni mpya na sahihi, shaka iko kwenye beringi za konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki), za krenki, au vikao vya kamshafti. Baada ya kuchemsha, hii ndiyo sura tunayoitarajia zaidi.

*Ndogo wakati wote, hata ikiwa baridi.* Pampu imelika, au valvu ya kupunguzia presha imekwama ikiwa wazi. Chenga moja ya kaboni inatosha kuikwamisha. Valvu hiyo huweza kufunguliwa, kusafishwa na kurudishwa. Spring yake ipimwe urefu.

*Inapanda, kisha inashuka ukishikilia 3,000.* Pampu inakosa oili. Chujio la wavu ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) limeziba, au matundu ya kurudishia oili kutoka kwenye hedi yamejaa masizi, hivyo oili inabaki juu huku sampu ikikauka.

*Mshale unatetemeka.* Pampu inavuta hewa. Kiwango ni cha chini, bomba la kufyonzea lina ufa, au ringi ya mpira inayoliunganisha na pampu imekakamaa kwa joto. Kujua, ongeza nusu lita hadi lita moja juu ya alama kwa jaribio tu, bila kukanyaga mafuta. Mshale ukitulia na presha ikipanda, kiungo hicho sasa kimezama kwenye oili na umepata jibu. Punguza oili kabla ya gari kutembea.

*Geji iko sawa, taa inawaka.* Swichi au waya.

Hedi imeshachongwa na kufungwa, na presha imeanza kusumbua baada ya hapo. Inawezekana?

Inawezekana kabisa, na kwa sababu zinazoepukika. Ya kwanza ni silikoni. Ukipaka nyingi kwenye kifuniko au sampu, ile inayominywa kwa ndani hukauka ikawa kama minyoo, hukatika, na kwenda kujikunja kwenye wavu wa pampu. Ukifungua sampu unaikuta imelala pale pale juu ya wavu, rangi ile ile ya tyubu iliyotumika. Mstari wa milimita 2 hadi 3 unatosha kwa sehemu nyingi, na gasketi ya hedi kwa kawaida haipakwi chochote.

Ya pili ni unga wa diski ya kusagia. Zile brashi za kuzunguka zinazosafisha uso wa bloki haraka huacha chembe ngumu zinazoingia kwenye njia za oili na kujikita kwenye beringi laini. Kwangua kwa mkono, kwa kikwangulio cha plastiki, huku matundu yameziba kwa kitambaa.

Ya tatu, gasketi iliyowekwa kinyume ikafunika tundu la oili kwenda juu. Dalili yake ni tapeti (visukuma valvu) kupiga kelele juu huku presha inayopimwa chini kwenye bloki ikiwa nzuri.

Kukata filta ya zamani kunasaidia nini?

Kunasaidia sana, na watu wachache hufanya. Kata kopo kwa kikatio cha filta, si msumeno, kwa sababu msumeno unaongeza chuma chake. Toa karatasi, ikamue, itandaze kwenye jua na uikunjue mkunjo kwa mkunjo. Vimeta vya rangi ya dhahabu au shaba vinatoka kwenye beringi. Vyeupe visivyoshikwa na sumaku ni aluminiamu: pistoni, vikao vya kamshafti, au aina ya beringi zisizo na shaba. Vinavyorukia sumaku ni chuma. Vumbi dogo la kijivu lisikutishe, lakini ukiona vipande unavyoweza kuvihesabu, fungua sampu.

Nikiweka oili nzito, taa itazimika?

Huenda ikazimika, na ndipo hatari inapoanza. Oili nzito haijazi beringi iliyolika. Inaficha kipimo tu, huku ikichelewa kufika juu asubuhi na kusumbua mifumo ya valvu inayotegemea oili nyepesi. Dawa za chupa za kupandisha presha ni habari hiyo hiyo. Kama kitabu cha gari kinaruhusu daraja zaidi ya moja, chagua ndani ya hayo, lakini baada ya kupima.

Fundi amesema nibadilishe pampu tu.

Muulize namba za geji. Pampu husukuma kiasi cha oili. Presha hutokana na kizuizi kinachokutana nacho. Beringi zikiwa wazi, pampu mpya itapandisha kidogo kisha utarudi pale pale. Kama sampu tayari iko chini, kuvua kifuniko kimoja cha konrodi na kutazama beringi huchukua dakika chache, na tunashauri kifanyike kabla ya pampu mpya kununuliwa.

Beringi iliyoharibika inaonekanaje?

Nzima ina rangi ya kijivu iliyofifia, sawasawa kote. Kwa beringi zenye tabaka la shaba, wekundu ukianza kuchungulia, uso laini umekwisha. Mistari ya kuzunguka inayokwaruza ukucha ni uchafu uliopita. Nyeusi au ya buluu imeungua, na ikiwa imezunguka kwenye kikao chake, konrodi nayo haifai.

Kupima nafasi, tumia uzi laini wa plastiki wa kupimia. Futa oili, laza kipande cha uzi kwenye shingo ya krenki sambamba na mhimili wake, funga kifuniko kwa torki ya kitabu bila kuzungusha krenki, kisha fungua na ulinganishe upana wa uzi uliobanwa na skeli yake. Kwa injini nyingi ndogo, milimita 0.02 hadi 0.05 ni sawa, ikifika 0.08, usiirudishe hivyo.

Naweza kuweka beringi mpya bila kuchonga krenki?

Ikiwa shingo zote ni laini kwa ukucha, hazina alama ya buluu, na maikromita inaonyesha ziko ndani ya kipimo bila kuwa yai, ndiyo. Vinginevyo krenki ichongwe na ufunge beringi za saizi ya milimita 0.25 au 0.50. Krenki zilizopewa ugumu wa juu juu tu huhitaji kugumishwa upya baada ya kuchongwa, nyingine mtengenezaji hakubali zichongwe kabisa. Boliti za konrodi zinazokazwa kwa nyuzi za pembe zinunuliwe mpya.

Inagonga. Imenoki?

Sikiliza mahali. Tiki tiki ya juu, nyepesi, ni tapeti zinazokosa oili. Mlio mzito wa kugonga wa chini unaosikika zaidi ukiachia mafuta kutoka mizunguko 2,000 ni konrodi. Ukizima moto wa silinda moja moja, mlio hupungua ukifika silinda yenye ugonjwa. Injini inayogonga chini haina jaribio la geji tena. Ifunguliwe.

Mashine ya kusoma hitilafu imetoa kodi P0522. Nianzie kwenye injini au kwenye umeme?

P0520, P0522 na P0523 huanzia kwenye sensa na nyaya zake. P0521 ni presha isiyolingana na inayotarajiwa. P0524 inasema presha ni ndogo mno, na hiyo ni ya kuzima injini kwanza. Zote zinamalizwa kwa geji ile ile.

Baada ya kufunga, injini iwashwe vipi?

Pampu iliyofunguliwa ijazwe oili au mafuta mazito ya mgando, isije ikazunguka kavu. Jaza filta kama imesimama wima. Kata moto wa plagi na nozeli za mafuta, zungusha kwa starta sekunde 10, pumzisha starta dakika moja, rudia hadi geji ipande. Hapo ndipo uwashe, geji ikiwa bado imefungwa.

Kama kulikuwa na maziwa ndani, weka oili ya bei nafuu ya daraja sahihi, iunguruze dakika 15, mwaga ingali moto pamoja na filta, na urudie hadi itoke safi. Usioshe kwa dizeli wala mafuta ya taa. Yanaondoa utando unaolinda beringi ulizoziweka jana. Badilisha tena baada ya kilomita 500 hadi 1,000, na ukate filta ile.

Kisha, gari lisitoke kabla ya kujua kwa nini lilichemsha. Thamostati itiwe kwenye maji ya moto ionekane ikifunguka, feni iwake kwa joto lake, kifuniko cha rejeta kipimwe, na hewa itolewe kwenye njia za maji. Rudisha swichi ya oili, ongeza oili iliyopotea kwenye geji, na siku ya pili pima upya injini ikiwa moto, uandike namba kwenye karatasi ya gari.